Mwanamke Aliyetoa Njugu Kwenye Kikapu cha Muchangi

Mkono ulitokea nyuma yake, ukaingia kwenye kikapu chake, ukatoa pakiti ya njugu.

Haukuja kwa kificho wala kwa haraka. Ni kama mtu anachukua kitu chake mwenyewe.

Muchangi akageuka.

Mama wa makamo. Kitambaa kichwani, sweta ya kijivu, gambuti zenye matope yaliyokauka. Hakuwahi kumwona maishani mwake.

"Hii si ya mtoto," yule mama akasema. Akairudisha njugu kwenye rafu, akaenda zake.

Muchangi akabaki ameduwaa katikati ya biskuti na krispi, binti yake wa miaka miwili yuko begani anamvuta sikio.

Watu wangu, hii stori inaanzia hapo kwenye rafu ya supamaketi. Lakini haiishii hapo, na si ya kuchekesha.

Muchangi ni fundi wa friji hapa Meru mjini. Mimi na yeye tulifundishwa kazi na fundi mmoja. Ameniruhusu niandike, bora nisiweke picha.

Kwao ni Kibugu, kule Embu juu kwenye majani chai. Kazi ilimleta Meru, na Meru ikamshika. Alipata msichana wa Kibirichia, kule juu Meru, Gatwiri, aliyekuwa anasomea ualimu. Wakapendana. Gatwiri akapata mimba kabla ya kumaliza chuo.

Baba ya Gatwiri, mzee Kailemia, ni mtu wa kanisa na akisema kitu hakibadiliki. Alimwambia binti yake, "Toka na hiyo mimba. Na huyo aliyekupa sitaki kumjua hata kwa sura."

Gatwiri akatoka kwao na nguo alizovaa. Hakubeba hata picha moja.

Muchangi alitaka kupanda Kibirichia akajieleze kama mwanaume. Gatwiri akamzuia.

"Ngoja kwanza. Mtoto akizaliwa hasira zitapoa. Tutaenda naye."

Hawakuwahi kwenda.

Mtoto alizaliwa, msichana. Gatwiri mwenyewe akamchagulia jina, akamwita Kiende. Lakini kabla mtoto hajajua kukaa, presha ilimpanda mama yake. Akapelekwa hospitali akiongea vizuri tu, anauliza nani atamwogesha mtoto.

Alitoka kwa jeneza, akazikwa Kibugu kwao Muchangi.

Muchangi alipiga simu Kibirichia mwenyewe, akawapa habari. Siku ya mazishi hakuja hata mtu mmoja wa upande wa Gatwiri. Si baba, si mama. Kaburi lilifunikwa na watu wa Embu peke yao.

Muchangi akaliweka hilo jambo kifuani kama jiwe. Akajiambia mtoto wake ana upande mmoja tu wa ukoo, basi.

Sasa fikiria mwanaume wa miaka ishirini na kitu, amebaki na katoto. Hajui kusuka nywele. Hajui kwa nini kanalia. Mchana kalikuwa kwa jirani, Leylo, ambaye wapangaji wote wa ploti wanamwita Mama Shueib. Mume wake ana lori, yeye anauza nguo za watoto hapo nyumbani, na moyo wake ni mpana. Lakini jioni na wikendi mtoto ni wa Muchangi.

Na Kiende alikuwa hataki chakula.

Ukimpa ugali anatema. Ukimpa mukimo anafunga mdomo kama mlango. Lakini fungua pakiti ya krispi, atatokea hata kama alikuwa amelala.

Muchangi angefanyaje? Akinyimwa analia mpaka anaita "mama", na neno hilo Muchangi alikuwa hawezi kulisikia. Kwa hivyo alikuwa anafungua pakiti. Kila Jumamosi alijaza kikapu: juisi ya maembe, biskuti za krimu, yogati ya pinki, krispi zenye picha ya simba. Aliona anafanya kazi nzuri. Wewe ukiona mtoto anakula si unafurahi?

Halafu akampeleka kliniki.

Nesi akampima Kiende, akampima tena.

"Baba, huyu mtoto anakula nini?"

"Kila kitu, nesi. Huyu hakosi kitu."

"Kila kitu kama nini?"

Muchangi akataja, na alitaja kwa fahari. Nesi akamfunua Kiende mdomo. Meno ya mbele yalikuwa yameanza kuwa meusi. Akamvuta ngozi ya chini ya jicho, ikawa nyeupe kama karatasi.

"Damu yake iko chini. Uzito haujapanda tangu mwaka jana. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake, baba. Ukilijaza sukari na hewa, maharagwe yataingilia wapi? Mnunulie vitu vya afya."

Muchangi alitoka pale akiwa ameloa jasho.

Jioni hiyo mama yake akapiga kutoka Kibugu. Sijui nani alikuwa ameshamwambia.

"Mlete huyo mtoto huku. Huku kuna maziwa, kuna mayai, kuna watu. Mwanaume hawezi kulea katoto ka msichana."

"Mama, huyu ndiye nimebaki naye."

"Kwa hivyo ufe naye?"

Hilo neno lilimchoma. Wakapatana kwamba mtoto asipobadilika mpaka shule zifungwe, atapelekwa Kibugu akakae.

Sasa unaelewa alivyokuwa Jumamosi ile pale kwenye rafu. Alikuwa anasoma pakiti kama mtu anasoma hukumu yake. Anatafuta yenye neno "afya". Na zilikuwa nyingi! Juisi imeandikwa vitamini. Biskuti imeandikwa maziwa na asali. Krispi zimeandikwa mboga halisi, na karoti imechorwa inacheka. Akajaza. Na njugu akaweka, kwa sababu kila mtu anajua njugu zinaongeza damu.

Ndipo ule mkono ukatokea.

Jumamosi iliyofuata alikuwa amesahau. Akafika kwa keshia, akaanza kutoa vitu, akaona juisi haipo. Mahali pake kuna yogati nyeupe, ile haijatiwa rangi wala sukari.

"Hii si yangu," akamwambia keshia.

"Ilikuwa kwa kikapu chako."

Muchangi akaangalia nyuma. Pale mwisho wa rafu za sabuni akaona sweta ya kijivu inapotea.

Manze, nywele zilimsimama.

Siku nyingine ilikuwa ndizi mahali pa biskuti za krimu. Siku nyingine trei ya mayai. Huyo mama hakuchukua kitu cha mtu, hakuomba kitu. Anabadilisha tu, kisha anasimama mbali akimtazama Kiende. Na hakumtazama kama vile watu hutazama watoto wa wenzao, dakika moja wanatabasamu yanaisha. Alimtazama bila kupepesa, kama mtu anayeogopa akifumba macho mtoto atatoweka.

Muchangi akamweleza Mama Shueib.

"Baba Kiende," akamjibu, "mimi sipendi hiyo mambo. Mtu akitaka kukusaidia anakusalimia. Huyo anamwangalia mtoto kwa nini? Chunga mtoto."

Na mjini kulikuwa na uvumi siku hizo kwamba watoto wanaibwa. Unajua uvumi ukishaingia kichwani haukuachi. Muchangi akaanza kumbeba Kiende kwa mikono miwili hata barabarani.

Jumamosi iliyofuata akamshusha chini mara moja tu, atoe simu iliyokuwa inalia mfukoni. Ni mteja, friji yake imekataa kugandisha. Muchangi akageuka kidogo kuongea.

Aliporudisha uso, yule mama alikuwa amechutama mbele ya Kiende. Uso kwa uso. Anamuuliza kwa sauti ya chini:

"Mama yako yuko wapi? Amebaki nyumbani?"

Muchangi anasema hajui alivyofika pale. Anakumbuka tu amemnyakua mtoto, na sauti yake mwenyewe inajaza supamaketi nzima.

"Wewe mathe! Unataka nini na mtoto wangu?"

Yule mama akainuka. "Kijana yangu, mimi..."

"Usiniite kijana yako! Kila Jumamosi unanifuata! Mama yake anakuhusu nini?"

Watu wakajaa. Unajua watu wetu. Mmoja akasema, "Anafuata mtoto?" Wa pili akasema, "Huyu ni wale." Wa tatu, ambaye hakuwa hata ameona kitu, akapaza sauti, "Mwizi wa watoto!"

Simu zikatoka, wanarekodi.

Soja wa mlangoni, anaitwa Mutegi, akaja mbio akamshika mama mkono. Mtu mwingine akamsukuma kwa nyuma. Kitambaa kikamtoka kichwani, mvi zake zikabaki wazi mbele ya umati. Mwenyewe hakupigana. Alifungua mdomo, akamwangalia Muchangi, akamwangalia mtoto, akaufunga tena.

Alipofika mlangoni ndipo akasema, na alisema kwa kuomba:

"Njugu usimpe. Tafadhali."

Mutegi akamtoa nje. Bila yeye wangempiga pale pale.

Muchangi bado alikuwa na hasira. Akarudi kwenye rafu, akachukua pakiti ya njugu, akaitupa kwenye kikapu. Hata hakuwa na mpango nazo siku hiyo. Alizichukua ili asiambiwe na mtu.

Mchana ule ule, jua liko juu, Muchangi alikuwa ameketi mlangoni kwake na Kiende anazunguka uani na paka wa Mama Shueib. Akafungua ile pakiti. Akampa chache kwenye kiganja.

Kiende akazitia mdomoni zote pamoja, akaendelea kumkimbiza paka, akicheka.

Kicheko kikakatika.

Hakikufuatwa na kilio. Hakikufuatwa na kikohozi. Kimya tu. Mtoto akasimama wima, macho yametoka, mikono inapapasa hewa, midomo inageuka rangi.

Muchangi akamshika, akamtikisa, akamtia kidole mdomoni akazidi kusukuma njugu ndani. Akapiga kelele, "Mama Shueib! Mama Shueib!"

Leylo akatoka mbio na nguo ya kuuza bado iko mkononi. Hakuuliza kitu. Akampokonya mtoto, akaketi chini, akamlaza kifudifudi pajani, kichwa kikiangalia chini, akampiga mgongoni kati ya mabega kwa kiganja. Akapiga tena. Akapiga tena, akiita jina la Mungu kila anapopiga.

Njugu ikaruka. Ikafuata nyingine na mate.

Kiende akavuta pumzi. Lakini pumzi yenyewe ilikuwa na filimbi ndani yake.

"Haijaisha," Leylo akasema. "Tafuta gari, Baba Kiende! Amka!"

Kwa maana Muchangi alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, hawezi kuinuka.

Hospitali walipiga picha ya kifua wakasema kipande kimeingia kwenye njia ya hewa. Mtoto akalazwa usingizi wa dawa, wakaingia kukitoa. Muchangi akabaki kwenye benchi la korido, mikono yake bado ina chumvi ya njugu, na hakuwa na nguvu ya kwenda kuinawa.

Daktari alipotoka, kijana tu wa rika lake, hakumgombeza. Pengine angemgombeza ingekuwa afadhali.

"Ametoka salama. Lakini sikia, ndugu yangu. Mtoto wa umri huu hana magego ya kutosha kusaga njugu. Njugu, bisi, switi ngumu, zabibu nzima, vitu kama hivyo vinateleza tu. Hakuna mtu aliwahi kukuambia?"

Muchangi akaangalia viganja vyake vyenye chumvi.

Alikuwa ameambiwa. Aliambiwa kwa kuombwa, na mama aliyevuliwa kitambaa mbele ya watu.

Kiende aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Muchangi alimwachia Leylo akaenda moja kwa moja supamaketi. Akamtafuta Mutegi.

"Yule mama. Unamjua?"

Mutegi akaangalia chini. "Buda, ile siku sikulala vizuri. Yule si mwizi. Anauza waru kule sokoni Jumamosi. Anashuka na wale wa Kibirichia."

Kibirichia.

Muchangi anasema alifikiria kwao Gatwiri, lakini akalikataa wazo hilo. Kibirichia ni kubwa. Ina wamama wangapi?

Jumamosi akaenda sokoni. Alimkuta mwisho kabisa wa mstari, ameketi juu ya gunia tupu, waru zake, yaani viazi, amezipanga kwa mafungu. Mama alipomwona akasimama haraka, akaanza kukusanya vitu.

"Sikufuati tena," akasema. "Nani amekuambia nakufuata? Mimi niko kwa kazi yangu."

"Mama, sikuja kwa ubaya."

"Wacha niende."

"Nilimpa zile njugu," Muchangi akasema. "Zilimkaba."

Mama akaachilia gunia. Uso wake ukakauka.

"Yuko wapi?"

"Yuko mzima. Yuko nyumbani. Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikuaibisha mbele ya watu, na wewe ulikuwa unaniokolea mtoto."

Mama akaketi tena. Akavuta pumzi kwa muda mrefu, mkono umeshika kifua.

"Nilifundisha shule ya nasari miaka mingi," akasema mwisho. "Mtoto mmoja alikuja na njugu mfukoni. Hakufika nyumbani kwao. Tangu hapo nikiona njugu kwa mkono wa mtoto siwezi kunyamaza. Na hivyo vingine nilikuwa natoa kwa sababu niliona meno yake. Nikageuza zile pakiti nikasoma nyuma. Kila moja, jina la kwanza au la pili ni sukari."

"Lakini mama, kwa nini mtoto wangu? Pale kuna watoto wengi."

Mama akainamisha macho. Akachukua waru moja, akaifuta udongo kwa kidole, akairudisha.

"Siku ya kwanza nilikuwa natafuta chumvi. Nikasikia mwanaume anaita jina langu. Kiende, Kiende, njoo. Nikageuka. Nikaona katoto kanakimbia. Nikaona ni Gatwiri wangu, vile alikuwa akiwa mdogo. Macho yale yale. Mguu ule ule, unaingia ndani kidogo."

Muchangi akachutama mbele ya zile waru.

"Nikasema, kumbe alimpa jina langu! Kumbe hakunichukia! Mzee wangu alimfukuza, mimi nikakaa kimya jikoni, kijana yangu, sikusema kitu. Simu ya nyumbani ni moja, anakaa nayo yeye. Sikuwa na njia. Sasa nikasema Mungu amenionyesha. Kila Jumamosi nakuja hapo nikitarajia ataingia. Kila Jumamosi unakuja peke yako na mtoto. Nikafikiri ananiona kwa mbali anajificha. Nikafikiri bado ana hasira. Ndiyo sababu sikukuambia mimi ni nani hata wakati walikuwa wananisukuma. Niliogopa utaniambia amekataa."

Akainua macho.

"Mwambie sikuji kwa ubaya. Mwambie nataka kumwona tu, hata akiwa amesimama mbali. Yuko wapi? Kwa nini huwa haji na wewe?"

Ndugu zangu, Muchangi anasema amewahi kushikwa na stima kazini, akarushwa ukutani. Hii ilikuwa mbaya zaidi.

Kwa sababu alielewa hapo hapo. Huyu mama hajui.

Hajui kitu.

Akapiga magoti kwenye maganda na matope ya soko, akamshika mikono yote miwili.

"Mama," akasema. "Mama, nilipiga simu."

"Simu gani?"

"Nilipiga simu nyumbani kwenu. Akashika mzee. Nikamwambia Gatwiri ametuacha, nikamwambia siku ya mazishi na mahali. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, 'Umekosea namba,' akakata. Nikajua mmekataa kuja wote. Nimewachukia wote, mama. Na wewe nimekuchukia, mpaka leo."

Alikuwa anatarajia mayowe. Hakukuwa na mayowe.

Yule mama alibaki ameketi, mikono yake mikononi mwa Muchangi, anaangalia zile waru. Mteja akaja akauliza bei, akaondoka. Mwingine akaja.

"Alinipa chai," akasema hatimaye, polepole, kama anayehesabu kitu kichwani. "Kuna siku alizima simu akatoka nje. Akarudi, akanitengenezea chai. Hakuwa amewahi kunitengenezea chai tangu tuoane. Nikafurahi."

Kisha akainama, paji la uso likagusa gunia, na sauti iliyomtoka, Muchangi hakuweza kuniigizia. Alijaribu akashindwa.

Wamama wa soko wakaja wakamzunguka, wakamfunika kwa leso zao.

Hakurudi Kibirichia siku hiyo. Alienda kwa Muchangi. Leylo alimfungulia mlango, akapewa habari kwa maneno machache, akamkumbatia mtu ambaye alikuwa amemshuku. Kiende mdogo akamletea Kiende mkubwa kiatu kimoja, kwa vile ndiyo zawadi aliyokuwa nayo karibu.

Wakaenda Kibugu pamoja. Mamake Muchangi alikuwa amejiandaa kwa maneno makali kuhusu watu wa Kibirichia. Alipomwona yule mama anashuka kwenye gari, ameshika mlango asianguke, maneno yote yakamwisha. Akamshika mkono akamwongoza mpaka kaburini, wakaketi chini wote wawili. Hakuna aliyezungumzia tena habari ya kumchukua mtoto.

Kisha mama yake Gatwiri akarudi kwake Kibirichia, akamuuliza mzee wake swali moja tu. Ulijua?

Mzee Kailemia hakukana.

"Nilitaka kukuambia," akasema. "Siku hiyo nikashindwa. Kesho yake ikawa ngumu zaidi. Ikafika mahali nikaona nikisema nitakuua."

Mama akafunga nguo zake. Anaishi kwa Muchangi mpaka leo, hapo plotini, na ndiye anayepika.

Nisikudanganye kwamba mtoto alibadilika kama uchawi. Alilia wiki nyingi akitaka krispi. Alitupa mayai ukutani. Shosho yake, yaani nyanya, hakumpigia kelele. Anaweka chakula kidogo mbele yake, asipokula anatoa, hampi pakiti badala yake. Katikati ya mchana anapata ndizi au kipande cha avokado, au ile yogati nyeupe imepondewa embe ndani. Hata njugu anakula, zile za kusagwa laini, zimepakwa kidogo juu ya mkate. Na siku wakinunua biskuti, wananunua zile kavu zisizo na krimu, anapewa akiwa ameketi, haruhusiwi kukimbia na kitu mdomoni.

Damu imepanda. Uzito umeanza kupanda. Meno yale meusi yamebaki meusi, hayo yatangoja ya ukubwani.

Wiki jana mzee Kailemia alishuka Meru. Akasimama nje ya geti, kofia mkononi. Mama alichungulia dirishani, akarudi jikoni, hakutoka. Ikabidi atoke Muchangi.

Ilikuwa mara ya kwanza hao wawili kuonana.

Mzee hakuomba kuingia. Hakuomba kumwona mjukuu. Alisema tu, "Nionyeshe mahali mlimlaza."

Muchangi akamwambia atamjibu.

Hajamjibu bado. Alimuuliza mama mkwe wake afanye nini, akaambiwa, "Hiyo ni yenu wawili. Mimi nina yangu na sijaimaliza." Juzi akaniuliza mimi, nikiwa nashika tochi yeye anafunga mota ya friji. Nami nakuletea swali. Wewe ungemjibu nini?

Wazazi wenzangu, somo la kwanza ni rahisi. Geuza pakiti. Mbele imechorwa na anayetaka ununue, ukweli wameuandika nyuma kwa herufi ndogo. Ukiona sukari inatangulia, rudisha. Na njugu nzima usimpe mtoto mdogo, hata akilia.

Lakini kuna mzazi mwingine anasoma hapa, na yeye shida yake si vitafunio. Alipokea simu ya msiba akainyamazia, kwa hasira au kwa woga, na kila siku inayopita anaona amechelewa zaidi. Nakuomba usingoje kesho. Hiyo habari haikuwa yako kuificha. Kuna mtu ndani ya nyumba yako bado anamngoja aliyekwisha kuzikwa.